Fungu la Akilimali

Mafundi wa Buyenzi walikuwa na uwezo wa kufufua gari ambalo mwenyewe amekwisha kulililia, lakini maandishi yaliyokuja kwenye makasha ya vipuri yaliwashinda. Ndiyo maana walimhitaji Zayd bin Sleiman. Zayd hakuwa fundi. Alikuwa na kiti cha mbao mwisho wa safu ya gereji, miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na Kiingereza alichokipata sekondari kabla baba yake hajafariki na kumwachia duka la vitenge. Lile duka halikuchomwa wala kuporwa. Vita vilipoanza wateja walihama mmoja mmoja, kila mtu na upande wake wa mji, na duka likafa lenyewe kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza. Kilichobaki ni kiti, miwani na Kiingereza. Mungu amrehemu Zayd, hakuwahi kulalamika juu ya duka. Alilolalamikia maisha yake yote ni jambo jingine, nalo ndilo hili.

Majirani walipofunga mipaka yao na Burundi, vipuri viliadimika. Vilivyopatikana vilitoka Dubai, vikashukia Kigoma, kisha vikapita ziwani kwa kujificha hadi Nyanza-Lac. Muuzaji hakukuruhusu kufungua kasha. Ulinunua kama lilivyo, limepigiliwa misumari, bila kujua ndani mna pampu ya dizeli au vioo vitupu. Mtu mmoja hakuthubutu kubahatisha hivyo peke yake, kwa hiyo mafundi wanane wa ile safu walinunua kwa pamoja, na kasha wakaliita loti, kama lilivyoandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi.

Kugawana kulikuwa kwa kura, na kura ilikuwa na utaratibu wake. Kila fundi alikuwa na alama yake ndogo ya chuma. Ya Sylvère, mkubwa wao, ilikuwa valvu ya tairi; ya Namegabe ilikuwa kipande cha mnyororo wa pikipiki; ya Akilimali ilikuwa nati ya shaba. Siku ya kufungua, mafundi waliketi wakiutazama ukuta, Zayd akapanga vitu katika mafungu yaliyolingana kadiri alivyoweza. Kisha aliitwa mpita njia yeyote asiyewajua, akapewa kopo lenye zile alama, akaweka moja juu ya kila fungu. Wakishageuka, basi. Hakuna kubadilisha, hakuna kurudisha, na hakuna kugusa fungu ambalo alama yako haikulikalia. Mwenye kugusa alihesabiwa mwizi, hata akiwa Sylvère. Na mwenye fungu ndiye aliyekuwa na nafasi katika safu, nguzo yake na kivuli chake cha bati. Zayd mwenyewe hakuwa na alama. Kila mmoja alimtolea kitu kimoja kutoka kwenye lake, naye aliridhika.

Mwaka wa pili wa vikwazo, Akilimali ndiye aliyetumwa Nyanza-Lac kupokea kasha. Wakati wa kurudi, baada ya Rumonge, lori lilipigwa risasi. Dereva hakusimama. Kasha lilifika Buyenzi bila mkwaruzo, na Akilimali akafika amelala juu yake, tayari ameshakufa.

Walimzika kesho yake. Siku chache baada ya matanga, Sylvère aliwaambia wenzake wajiandae kufungua kasha, na kwamba alama zitakuwa saba.

"Saba vipi?" Zayd aliuliza. "Kasha lilinunuliwa na wanane."

"Zayd, we unapenda sana kusoma," Sylvère alisema. "Soma basi hii: Akilimali amekufa. Mutu amekufa hapigi kura."

"Amekufa akileta kasha hili hili!"

"Mi najua. Mi mwenyewe nilimutelemusha." Sylvère alifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa haikuwa na mafuta. "Lakini sikiliza. Tangu vita vianze tisini na tatu tumezika wangapi hapa? Tukianza kumupigia kura Akilimali, kesho wajane wote watasimama hapa na kopo. Tutaishia wapi? Wafu watakuwa wengi kupita wazima."

"Na mi baba yangu alikufa tisini na tatu," Namegabe alidakia kutoka chini ya gari. "Naye tumupe taa ya Hiace? Aangalie njia huko aliko?"

Wengine walicheka. Zayd hakucheka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno ya Sylvère yalikuwa na akili ndani yake.

Sijaona, mjane wa Akilimali, alikuwa akimsubiri Zayd pembeni mwa njia. Hakuwa mgeni na vipuri. Kwa miaka alikuwa akileta chakula mchana na kubaki kumsaidia mumewe kuosha vyuma kwa petroli, hata mikono yake ilinuka gereji kama ya wanaume. Alitaka kitu kimoja tu: abaki kwenye nguzo ya Akilimali, auze vitu vya fungu lake, aendelee hapo. Bila fungu, nafasi ingekwenda kwa shemeji wa Sylvère, ambaye tayari alikwisha kuja kupima kivuli kwa hatua.

"Shemeji Zayd, wamesema nini?"

"Wamesema bado."

"Bado gani? Bado ya ndiyo ama bado ya apana?"

Zayd alivua miwani akaifuta. "Nipe muda, mama Riziki. Nitawatafutia hoja."

"Hoja tunayo. Iko makaburini." Akaondoka.

Hoja aliyokuwa akiifikiria Zayd ilikuwa kwenye ubavu wa lile kasha. Neno lile, lot, lilimsumbua tangu shule. Mwingereza akitaka kusema vitu ni vingi husema a lot. Akipiga kura, neno ni hilo hilo. Kiwanja cha kujenga, hilo. Majaliwa ya mtu, yaani lile aliloandikiwa duniani, hilo pia. Bidhaa zinazouzwa kwa pamoja, hilo. Inawezekanaje neno moja libebe mizigo yote hiyo? Zayd alihisi kwamba akilijua lilikotoka, atapata ndani yake kitu cha kumwambia Sylvère: kwamba fungu la mtu ni lake hata kabla alama haijawekwa.

Kwa hiyo asubuhi moja alivaa viatu vyake vizuri akatembea mpaka Kinanira, mtaa wa juu kilimani, kwa mwalimu wake wa zamani, Télesphore. Njiani alisimamishwa na askari mara mbili, na mara ya pili aliulizwa mtu wa Buyenzi anatafuta nini huku juu. Akajibu anatafuta maana ya neno. Askari akampisha, labda kwa kumhurumia.

Mwalimu Télesphore alikuwa amestaafu na amekonda, anaishi na mke wake na redio. Alifurahi kumwona, kisha akaudhika.

"Umepanda kilima chote hiki, na nyakati hizi, kwa ajili ya neno moja?"

"Samahani, Mwalimu. Ni neno lenye mjane ndani yake."

Télesphore hakuelewa, lakini alileta kamusi yake kubwa, ile ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe moja. Waliinama juu yake mezani, miwani kwa miwani.

"Haya," mwalimu alisema, kidole kikitembea. "Zamani sana, Waingereza wenyewe hawajawa Waingereza hasa, neno hili lilikuwa kipande cha mti. Kijiti. Kila mtu alitia alama yake kwenye kijiti, vikawekwa ndani ya chombo, vikatikiswa, kikatolewa kimoja."

Zayd alinyanyua kichwa. "Kama kopo letu."

"Kama kopo lenu. Halafu kile ulichokipata kwa kijiti nacho kikaitwa hivyo hivyo: fungu lako. Na kwa kuwa walimwachia Mungu achague, ikawa pia yale uliyopangiwa maishani. Walipokwenda Amerika wakagawana ardhi kwa kura, kiwanja kikaitwa hivyo. Wafaransa walilichukua zamani kutoka kwa watu wa kabila hilo hilo la lugha, ndiyo maana na sisi tuliosoma Kifaransa tunalo. Kisha wafanyabiashara: bidhaa zilizotengwa ziuzwe pamoja."

"Na vingi? Vingi vilitoka wapi?"

"Mwisho kabisa. Watu waliona fungu, na fungu, na fungu, wakaanza kusema mafungu kwa maana ya vitu tele. Kijiti wakakisahau. Leo mtoto wa Kiingereza anasema neno hili mara mia kwa siku na hajui kuna kijiti."

Zayd alilipitia tena neno kutoka mwanzo. Kisha uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo mwanzo wa yote ni kijiti. Kama hukutumbukiza kijiti, huna fungu."

"Ndivyo ilivyo hapa."

"Basi kamusi iko upande wa Sylvère!"

"Sylvère ni nani?"

Zayd alimweleza kisa kizima. Mwalimu alisikiliza, akafunga kitabu polepole. "Mwanangu, ulifikiri mafundi wataacha walichozoea kwa sababu ya kamusi? Hata ingekuwa upande wako?" Kisha, kwa kuwa alikuwa Mkristo msomaji, alikumbuka jambo. "Huyo Sylvère anasali? Mwambie hivi. Yuda alipokufa, nafasi yake miongoni mwa mitume haikufa naye. Walipiga kura, Mathiya akaipata. Iko katika Matendo."

"Na kwetu, Nabii Yunus alipigiwa kura merikebuni," Zayd alisema. "Na walipotafuta wa kumlea Bibi Maryam walirusha kalamu zao. Kura si mchezo wa watu."

"Mwambie na hiyo. Lakini mwambie ya Yuda kwanza."

Zayd alirudi akiwa na matumaini madogo, na jioni ile ile, kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku, aliwakuta mafundi wakifunga vifaa. Akawaambia ya Yuda. Aliieleza vizuri, bila kurukaruka, na Sylvère alisikiliza mpaka mwisho.

Namegabe ndiye aliyejibu. "Kumbe! Kwa hiyo Akilimali wetu ni Yuda?"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema. Nani mwingine amesikia?"

"Mi nimesikia," mmoja alisema, na kicheko kikazunguka safu yote. Zayd alianza ya Yunus, lakini Namegabe aliuliza kama ndani ya samaki mlikuwa na vipuri vya Toyota, na hakuna aliyesikia lingine. Sylvère peke yake hakucheka. Alimshika Zayd bega akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mi sikatai kwa roho mbaya. Asubuhi tunafungua. Alama saba."

Zayd alisali Alfajiri msikitini, akakaa muda mrefu baada ya wengine kutoka. Hakuomba ushindi. Aliomba asifanye jambo ambalo ataona haya kulisimulia.

Mafundi saba waliketi wakiutazama ukuta. Misumari iling'olewa. Zayd akaanza kutoa vitu na kuvisoma: beringi, viatu vya breki, taa, gasketi, pampu moja ya dizeli ambayo ilimfanya ashushe pumzi. Alivipanga chini kwa mstari kama siku zote. Alichukua muda, akihamisha hiki kutoka hapa kwenda pale mpaka mafungu yakalingana machoni pake. Kisha akamwita mwanamke aliyekuwa akipita na mchele kichwani, mtu wa Buterere kwa kanga yake iliyojaa matope ya mashamba.

"Mama, unamjua yeyote hapa?"

"Mi niwajulie wapi watu wa magari?"

Alitua mzigo, akapewa kopo, akatembea mbele ya mafungu akiweka alama moja moja, bila kufuata mpango wowote, akiruka hapa na kurudi pale. Akafika mwisho akiwa ameduwaa.

"Na hili hapa? Kopo limekwisha."

"Umemaliza, mama. Mungu akulipe."

Mwanamke alijitwika mchele wake akaenda zake. Zayd akasema, "Geukeni."

Waligeuka. Kila mmoja alitafuta alama yake kwanza, kama ilivyo kawaida ya binadamu. Namegabe alipiga ukelele: kipande chake cha mnyororo kilikuwa juu ya pampu. Ilichukua kitambo kabla Sylvère hajaanza kuhesabu, na alipohesabu akahesabu tena.

"Zayd. Umepanga manane."

"Nimepanga kama ninavyopanga siku zote."

"Nilikwambia tuko saba!"

"Uliniambia alama saba. Kwenye kopo zilikuwa saba. Mafungu hupanga mimi, na kasha lilinunuliwa na wanane."

Fungu la tatu kutoka mwanzo lilikaa kati ya wenzake bila chochote juu yake. Lilikuwa na taa mbili, beringi, na pakiti ya gasketi. Halikuwa bora wala baya kupita mengine.

Sylvère alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kuigiza. "Rudini ukutani. Tunavunja hili, tunaligawa saba."

Namegabe tayari alikuwa ameikumbatia pampu. "Apana, patron! Mi yangu imeshanipata. Watu wamegeuka. Ukilivunja lile, na hili utalivunja."

"Nasema lile peke yake!"

"Lile peke yake haliko. Ukigusa moja umegusa yote. We mwenyewe ndiye ulitufundisha." Na wawili wengine waliokuwa wamepata vitu vizuri wakaunga mkono, si kwa ajili ya Akilimali, bali kwa ajili ya vyao.

Waligombana mpaka jua likapanda. Hakuna aliyekubali kurudi ukutani, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kwenye lile fungu mbele ya macho ya wenzake. Mwishowe kila mtu alichukua lake akaenda kwenye nguzo yake. Hakuna aliyemtolea Zayd kitu. Fungu la tatu likabaki katikati ya njia, na gari la kwanza lililoletwa kutengenezwa likashindwa kupita.

"Liondolewe," dereva alisema.

"Na nani?" Namegabe aliuliza, akacheka peke yake.

Zayd alikuwa kwenye kiti chake, akisubiri Sylvère aseme neno moja: la Akilimali. Hakulitaka jingine. Sylvère alikuwa amempa mgongo, akipiga bati ambalo halikuhitaji kupigwa.

Ndipo Sijaona alipokuja. Alikuwa amesimama kule barabarani tangu asubuhi. Alitembea mpaka kwenye fungu, akainama, akachukua taa ya kwanza.

"We mama!" Sylvère aligeuka. "Hakuna kugusa! Unajua sheria!"

"Sheria ya nani?"

"Ya watu wa safu hii!"

"Mi si mutu wa safu hii. Mumesema wenyewe." Aliipeleka taa hadi kwenye nguzo ya mumewe, akaiweka chini, akarudi kuchukua ya pili. "Nyinyi ndio mumekatazwa kugusa. Mi nimekatazwa nini?"

Alihamisha vyote, beringi kwa beringi, bila haraka. Wanaume saba walimtazama, kila mmoja akisubiri mwenzake ndiye amzuie. Kumzuia kulihitaji mtu aliyekubali kushika kitu mkononi mwake, na hakuna aliyetaka kuonekana akikishika. Njia ikawa wazi. Gari likapita.

Shemeji wa Sylvère alikuja wiki iliyofuata, akakuta nguzo ina mwanamke na vitu vyake vimetandazwa juu ya gunia. Alingoja aambiwe la kufanya. Hakuambiwa. Akaondoka.

Hivyo Sijaona alibaki. Lakini alama ya Akilimali haikurudishwa kwenye kopo, na hakuna aliyetamka kwamba lile fungu lilikuwa lake. Jambo hili lilimla Zayd. Kila alipopata nafasi alimwambia Sylvère, "Sema basi," na kila mara Sylvère alijibu, "Niseme nini? Si amekaa?"

Ikafika siku Namegabe alipoona kwamba pampu yake nzuri inavuja. Gasketi yake haikuwa pamoja nayo. Alizunguka mji mzima, akarudi akisuasua mbele ya gunia la Sijaona.

"Mama Riziki. Nasikia uko na gasketi ya pampu."

"Iko. Ni ya nani?"

"Ya pampu ya dizeli."

"Sijauliza ya gari gani. Nauliza, hivi vitu ni vya nani?"

Zayd alishusha gazeti. Hata nyundo za jirani zilikuwa zimetulia. Namegabe alitazama huku na huku, akaona Sylvère anamwangalia kutoka kwenye nguzo yake.

"Ni vyako," akasema. "Ni vyako, bas. Unauza ama huuzi?"

Sijaona alifungua pakiti. Akamuuzia.

Zayd alikuja mbio, miwani mkononi. "Kwa nini umemwachia? Alikuwa anakaribia! Alikuwa nalo ulimini! Ungemkatalia kidogo tu, angesema ni vya Akilimali, na wote wangesikia!"

"Shemeji, angeenda."

"Angeenda wapi? Gasketi hakuna mji mzima!"

"Angeenda, na watoto wangelala na njaa kwa ajili ya neno." Alikuwa akifunga pakiti. "Unafikiri mi silitaki? Nalitaka kupita we. Lakini wale hawatalisema. Leo hawatalisema, na kasha lijalo hawatalisema. Sasa nisomee hii taa. Kuna mutu anauliza kama inaingia kwenye gari yake."

Zayd alimtazama Namegabe akiondoka na gasketi mfukoni. Kisha akavaa miwani, akachukua boksi la taa, akaligeuza mpaka akapata upande wenye maandishi.

"Ni ya gari linalotembea kushoto mwa barabara, na hapa kwetu tunatembea kulia," alisema. "Mwambie mwanga utakwenda upande usio wake."